Muulize Shangazi: Hii F ni ya nini?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za haiskuli. Hapa Lexington shule hufunguliwa katikati ya Agosti, na kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza darasa la nane imeshaanza kuulizana. Kwa wasionifahamu: nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na mitatu, na sasa ni mwaka wa tisa nafanya ukalimani wa Kiswahili mashuleni hapa Kentucky. Nimekaa kwenye vikao vya wazazi na walimu kuliko nilivyokaa kwenye harusi, na mimi harusi sikosi.

*

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu anaingia darasa la tisa. Majira ya baridi aliniletea karatasi ya kuchagua masomo. Nikamuuliza inasema nini, akanijibu, "Mama, weka sahihi tu, ni mambo ya shule." Nikaweka. Sasa jirani ananiambia nimefanya kosa kubwa. Kosa gani?*
*— Mama wa watano, Lexington*

Marahaba, dada yangu. Kaa kitako nikusimulie aibu yangu kwanza.

Mwaka wetu wa pili hapa, mwanangu mkubwa alikuwa darasa la tisa. Akaleta ripoti. Mimi nimezoea buleteni ya Kongo, yenye asilimia: umepata 62, umepita, umepata 41, jiandae kwa fimbo. Hata bibi asiyejua kusoma anaelewa. Hii ya hapa ilikuwa herufi tupu. Niliona A moja (ya mazoezi ya mwili, nilikuja kujua baadaye), B mbili, C mbili, na mwisho kabisa F. Nikauliza, hii F ni ya nini? Mtoto hakupepesa hata jicho: "Ni ya *félicitations*, Mama."

Nilichinja kuku. Yaani nilienda kwa yule mzee wa shambani anayetuuzia kuku hai, nikamlipa, nikachinja. Nikapiga simu Uvira kumwambia dada yangu kwamba mtoto wetu amepongezwa na Wamarekani. Wiki tatu baadaye simu ikalia, mkalimani yuko upande wa pili, ananiambia mwanangu ameanguka Algebra. Kuku alikuwa ameshaliwa zamani.

Kwa hiyo jirani yako ana haki, ingawa sijui kwa nini hakukuambia majira hayohayo ya baridi. Karatasi ile ndiyo iliyopanga atasoma nini mwaka mzima.

Kule kwetu mtoto hupanda darasa zima, au hurudia darasa zima. Hapa kila somo lina hesabu yake. Akipita somo la mwaka mzima anaandikiwa krediti moja, la nusu mwaka anaandikiwa nusu. Ili ahitimu Kentucky anatakiwa awe na krediti 22 angalau, na wilaya yake inaweza kudai zaidi. Nne ni za Kiingereza, nne za hisabati, tatu za sayansi, tatu za maarifa ya jamii, moja ya sanaa, nusu ya afya, nusu ya mazoezi ya mwili, na sita zilizobaki nyingi ni za kuchagua kulingana na kazi anayoitaka mbele. Hesabu inaanza siku ya kwanza ya darasa la tisa. Alama za darasa la nane zimeishia huko. Hizi za sasa ndizo chuo kitakazoziona.

Hapo ndipo wazazi wetu wanapopotea. Mtoto aliyeanguka Algebra haonekani kuwa ameanguka. Anaweza kuendelea na wenzake, akavaa jezi ya shule, akapiga picha, wewe ukadhani mambo ni mazuri. Lile somo linamfuata nyuma kama deni la dukani, hadi mwaka wa nne anaitwa ofisini kuambiwa hawezi kuhitimu. Nimekalimani mazungumzo hayo zaidi ya mara moja. Mama mmoja alikuwa ameshashona vitenge vya sare kwa ukoo mzima.

Kuna na upande wa fedha, na huu wengi hawaujui kabisa. Jimbo la Kentucky huwawekea wanafunzi pesa za chuo kwa kila mwaka wa haiskuli, kuanzia darasa la tisa. Mpango unaitwa KEES. Wanachukua herufi zake, wanazigeuza namba: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri; kisha wanatafuta wastani, ndio ile GPA mnayoisikia. Akimaliza mwaka na wastani wa 2.5 anawekewa dola 125. Akiwa na 3.0 ni dola 250, akiwa na 3.5 ni 375, akiwa na 4.0 ni 500. Za miaka minne zinajumlishwa, na ile jumla ndiyo anayopewa kila mwaka akisoma chuo kinachoshiriki cha hapa Kentucky, hadi miaka minne. Masharti yanataka mtu awe raia au mwenye grini kadi, kwa hiyo ninyi mliofika mwaka jana msiiache fomu ya grini kadi ilale kabatini.

Sasa rudi kwenye ripoti ya mwanangu. A, B, B, C, C na F: jumla 14, gawanya kwa sita, unapata 2.33. Mwaka ule hakuwekewa hata senti. Ile F ingekuwa C tu, angekuwa na 2.67, na pesa ingeingia.

Wewe bado una muda. Piga simu shuleni wiki hii, omba kuonana na kaunsela wa darasa la tisa. Kaunsela wa hapa si mtu wa kushauri waliofiwa, ni yule anayepanga masomo. Kila mtoto ana wake. Mwambie akuonyeshe ratiba. Angalia kama hisabati aliyopangiwa ni Algebra ya kwanza, maana hiyo pamoja na jiometri lazima azipite. Angalia kama kuna somo alilolichagua kwa kuwa rafiki yake yumo. Ratiba hubadilishwa kwa urahisi kabla ya shule kufunguliwa na siku chache za mwanzo. Baada ya hapo utaambiwa madarasa yamejaa.

Halafu dai akaunti yako ya mzazi ya Infinite Campus, ambayo ndiyo programu ya alama inayotumika Kentucky yote. Akaunti yako mwenyewe, kwenye simu yako, na neno la siri asilolijua yeye. Humo unaona alama kila siku na siku alizokosa. Usiogope Kiingereza. Sifuri ni sifuri kwa lugha zote.

*

*Bwana asifiwe Shangazi. Tumefika mwezi wa tatu kutoka Nyarugusu. Mtoto wetu makaratasi yanasema ana miaka 17, tarehe 1 Januari kama sisi wote nyumbani. Wamemweka darasa la tisa pamoja na watoto wa miaka 14. Anaona haya, anataka kuacha aende kufanya kazi ghalani kama mimi. Kule alikuwa ameshasoma sekondari miaka miwili. Pia anauliza kama ataruhusiwa kucheza mpira. Nisaidie.*
*— Baba wa tarehe moja Januari*

Amina, kaka. Nimecheka kwa saini yako, maana kwangu pia keki ni moja tu kwa mwaka. Ofisi ikikosa tarehe yako inakuandikia Januari mosi, na ukoo mzima unazaliwa siku moja.

Lakini hiyo tarehe kwa kijana wako ina uzito. Hebu tuhesabu pamoja. Kentucky inampa kijana nafasi ya haiskuli bila malipo akiwa hajafika miaka 21. Akianza darasa la tisa Agosti hii na miaka 17, Januari anatimiza 18, darasa la kumi 19, la kumi na moja 20, na Januari ya darasa la kumi na mbili anagonga 21. Yaani miezi mitano kabla ya kuhitimu umri unakuwa umemtupa nje. Shule nyingine humvumilia amalize, lakini usijenge nyumba juu ya huruma.

Dawa yake ni kuifupisha njia. Ile miaka miwili ya sekondari ya kambini ilifuata mtaala wa Kongo, na ina uzito. Tafuta buleteni zake. Najua zimekunjwa kwenye mfuko wa IOM, lile shirika la uhamiaji lililowasafirisha, pamoja na picha za eksirei; zitoe. Peleka shuleni, useme unataka zitathminiwe apewe krediti. Kama zilipotea, uliza wanaweza kumpima kwa njia gani. Kijana aliyesoma hisabati kwa Kifaransa miaka miwili anaweza kuwa mbele ya wenzake, anakosa Kiingereza tu. Akipewa krediti hata tano au sita, akasoma na masomo ya kiangazi, atamaliza kwa miaka mitatu. Mwambie kaunsela wazi umri wake, maana yeye ana watoto mia kadhaa na huenda hakuiangalia ile tarehe.

Kuhusu kuacha: sheria ya hapa inamtaka mtoto awe shuleni mpaka miaka 18, kwa hiyo kwa sasa ghala halizungumzwi. Na ukiniuliza mimi, hata Januari ikifika lisizungumzwe. Wewe unajua mgongo wako ukoje saa ya kutoka kazini.

Watampima Kiingereza na kumweka kwenye masomo ya ESL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine nyumbani. Msikatae. Kuna wazazi wanaoona aibu, wanasaini kumtoa mtoto, halafu mtoto anakaa mwaka mzima nyuma ya darasa akitabasamu bila kuelewa. Kila mwaka, majira ya baridi, atafanya mtihani uitwao ACCESS. Akipata alama za kutosha anatoka mwenyewe.

Mpira: kanuni za michezo ya haiskuli Kentucky zinamzuia aliyetimiza miaka 19 kabla ya Agosti mosi. Kwa tarehe yenu ana misimu miwili, huu na ujao. Acheze sasa, asisubiri Kiingereza kinyooke. Anahitaji fomu ya daktari kwanza, na majaribio ya timu huanza kabla ya shule kufunguliwa, kwa hiyo fuatilieni wiki hii. Vijana wetu wengi Kiingereza chao cha kwanza wamekipatia uwanjani, pamoja na matusi.

Na kama umri wa makaratasi si umri wa kweli, usiguse kitu chochote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Usimwambie leo mwalimu umri huu, kesho daktari ule. Makaratasi ya hapa yanaongea yenyewe kwa yenyewe.

*

*Shangazi, mimi ni msichana, naanza haiskuli. Naogopa kupotea, shule ni kubwa sana. Naogopa kula peke yangu. Na kanisani kwetu hatuvai suruali, nasikia mazoezi ya mwili lazima kaptula. Usimwambie mama kama nimeandika.*
*— Sina jina*

Mwanangu, sitamwambia, ila akisoma hapa ataujua mwandiko wa moyo wako.

Mwanzoni mwa Agosti kuna siku ya wanafunzi wapya. Nenda hata kama wenzako wanasema haina maana. Chukua ratiba yako, tembea kutoka chumba hadi chumba kwa mpangilio wa siku, mara mbili. Mara ya pili tembea ukiangalia vyoo viko wapi. Muda wa kuhama chumba ni dakika chache tu, na kengele haina rafiki.

Kama kabati lako la vitabu lina kufuli la kuzungusha, lifanyie mazoezi siku hiyohiyo. Namba ni tatu: zungusha kulia mizunguko kadhaa usimame kwenye ya kwanza, rudi kushoto, uipite ile ya kwanza mara moja, usimame kwenye ya pili, kisha kulia moja kwa moja hadi ya tatu. Mimi mtu mzima lilinishinda hadi mtoto wa miaka kumi na nne akanifungulia.

Kuhusu suruali, mama yako au baba aandike barua fupi kwamba ni imani yenu, hata kwa Kiswahili, ofisi itatafsiri. Nimetafsiri barua kama hizo, na wasichana wale wanakimbia uwanjani na sketi ndefu yenye kibana miguu ndani. Hata wewe ukiongea na mwalimu wa mazoezi pembeni siku ya kwanza, inatosha kuanzia.

Chakula: siku ya kwanza kaa karibu na darasa la ESL. Humo kuna Mkongo, kuna wa Guatemala, kuna wa Nepal, wote wameshika sahani hawajui pa kwenda. Jiunge na chama kimoja cha baada ya masomo, kimoja tu. Kwaya kama unaimba, na nina hakika unaimba.

*

*Ninunue nini? Nina watoto wawili wa haiskuli na mshahara mmoja.*
*— Baba, Versailles Road*

Begi imara na kalamu. Basi. Mengine subiri wiki ya kwanza, kila mwalimu atasema anataka nini, na utashangaa vingapi hawataki. Kikokotoo kile kikubwa cha hisabati usikinunue, ni ghali. Muulize mwalimu kama shule inaazima. Kompyuta ndogo shule nyingi huwapa wenyewe. Badala ya kukimbilia dukani, kagua chanjo: watoto waliofikisha miaka 16 wanadaiwa sindano ya pili ya homa ya uti wa mgongo, na cheti kikikosekana mtaanza kusumbuana na ofisi ya muuguzi.

*

*Shangazi, mke wangu ana kisukari, kliniki ni kila baada ya wiki mbili. Binti yetu anayeingia darasa la tisa ndiye anayejua Kiingereza, ndiye anayempeleka. Mwaka jana alikosa siku kama nane na shule ikatuandikia barua kali. Tumwache mama aende peke yake akafe?*
*— Mume mwenye hasira*

Kaka, hasira yako naielewa, ila umeielekeza kwa shule na mwenye kosa ni kliniki. Hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu, na karibu zote zinazopokea Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) zimo, zinatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Shule vilevile, wakitaka kuongea na wewe. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Ukipiga simu kuchukua miadi sema maneno matatu haya, hata kama Kiingereza kingine huna: "Swahili interpreter, please." Wakikuambia njoo na mtu wako, rudia yaleyale. Rudia hadi wachoke.

Barua ile kali pia si ya kutupa. Kwa sheria ya Kentucky, mtoto akikosa siku tatu bila sababu inayokubalika, au akichelewa mara tatu, anaitwa mtoro. Akiripotiwa mtoro tena, anahesabiwa mtoro sugu, na hapo mambo yanaweza kufika mahakamani, na wewe ukiwemo. Kumsindikiza mama kliniki usitegemee kuwa ni sababu. Hata ile safari ya msiba Des Moines siku nne, mnayoondoka usiku bila kumwambia mtu, inahesabiwa. Piga simu shuleni asubuhi ileile, na karatasi ya daktari, kama aliyeumwa ni mtoto, ifike ofisini mkirudi.

Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuambia vilevile. Nilimkuta siku moja msichana wa miaka kumi na nne akimkalimania mama yake habari za uvimbe wa kizazi. Neno hakulijua, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, kwa hiyo kila daktari alipolitaja yeye alisema "tumbo". Mama akatoka pale akiamini anaumwa tumbo. Mtoto alikuwa ameelewa vya kutosha kuogopa, na hakuwa na wa kumwambia. Kesho yake alikuwa na mtihani wa biolojia.

*

*Unatufundisha sana. Watoto wako wenyewe walisoma haiskuli hapa, au unatufundisha kuogelea ukiwa umekaa ukingoni?*
*— Msomaji wa siku nyingi*

Niliogelea, ndugu yangu, na maji niliyakunywa. Watatu wamehitimu, wa nne yuko darasa la kumi na neno langu la siri bado hajalijua. Yule wa *félicitations* alirudia Algebra kiangazi kile chote, kila asubuhi nikimpeleka mwenyewe hadi mlangoni nikiwa na gauni la kulalia ndani ya koti. Leo ni fundi umeme. Nilimsomea safu hii jana kabla ya kuituma, nikijua atanikasirikia kwa kuitangaza F yake. Alisikiliza hadi mwisho, akasema niongeze kwamba moja ya zile C ilikuwa D.